Afadhali Mbu

Aliyesema kuchukuliwa damu ni kama kuumwa na mbu, mbu hamjui. Mimi namjua. Nimeishi naye Mbagala miaka 27, na sijamsikia hata siku moja akiuliza, "Mzee, mkono upi mishipa yake inaonekana?" Mbu anakuja gizani. Hana tochi, hana cheti cha chuo, hana mpira wa kukufunga mkono. Akikosea mara tatu ni siri yake. Akipata anaondoka, nawe unakuja kujua asubuhi ukijikuna. Hata dawa ya kuzuia damu isigande anayo mwenyewe, kwenye mate yake. Na tangu nimfahamu hajanituma dirisha namba mbili.

Chanzo cha yote ni shemeji yangu, aliyekwenda hospitali kulalamikia goti akarudi na sukari. Mke wangu alipotoka kumjulia hali hakunisalimia. Alinitazama kuanzia tumboni.

"Baba Rehema, na wewe unakwenda kupima."

Nikamwambia siumwi. Akanijibu kwamba mwanamume wa miaka 52 ni kama gari la mtumba: linawaka, lakini huwezi kujua limebakiza nini. Nikanyamaza. Gari la mtumba tunalo pale uani, na kweli hatujui limebakiza nini.

Daktari wa zahanati akaniandikia vitu vitatu: sukari, mafuta, na picha nzima ya damu. Akaniambia nisile kitu kuanzia saa mbili usiku, nije kesho yake saa mbili asubuhi. Nikamuuliza, masaa 12 yote ya nini? Akasema kwa sukari peke yake masaa manane yangetosha, ila mafuta ya chakula hukawia kwenye damu, na mtu akipimwa ameshiba majibu yanakuwa ya chapati, si ya mtu. Hilo nililielewa. Ambalo sikuuliza, na nitajilaumu mpaka kaburini, ni habari ya maji.

Maji nilikwenda kuyauliza kijiweni. Pale kwetu kuna fundi pikipiki ambaye hakuna ugonjwa asioujua, isipokuwa wa pikipiki yako. Akaifuta mikono yake kwa tambara, akaniambia, "Hata maji usiguse, mzee. Maji yanazimua damu. Watakuandikia huna damu wakuongeze ya mtu mwingine." Wote pale kijiweni wakatikisa vichwa kukubali. Muuza kahawa naye akakubali, na yeye ndiye aliyekuwa na birika.

Basi nikafunga. Mimi nafunga Ramadhani tangu utotoni, sikutegemea kwamba usiku mmoja ungenisumbua. Lakini funga ya Ramadhani ina daku, ina futari, ina thawabu, na mtaa mzima umefunga pamoja nawe. Funga ya maabara unafunga peke yako. Siku zote nyumbani kwangu ikishafika saa mbili usiku hakuna anayezungumzia chakula. Usiku ule, saa mbili na nusu, mke wangu akatia kibua kwenye nazi. Nikamuuliza kama amefanya makusudi. Akasema samaki haharibiki kwa makusudi, anaharibika kwa kutopikwa. Saa tano nilikuwa bado macho, nasikia watoto wanakwangua sufuria.

Sijui ni nani aliyegawa viwanja katika mji huu, ila kila zahanati ninayoifahamu imewekewa banda la supu mlangoni. Hii ya kwetu inatazamana nalo uso kwa uso. Saa moja asubuhi, wakati mimi nashuka kwenye bodaboda, jamaa alikuwa anafunua sufuria la kongoro. Ule mvuke ukavuka barabara bila kuangalia kushoto wala kulia.

"Karibu supu, mzee wangu! Chapati za moto!"

"Nimefunga."

"Aa, leo Alhamisi, sunna. Mungu akutakabalie."

Nikaitikia amina. Sikuwa na nguvu ya kumweleza, na nilifikiri pengine Mungu atanihesabia hivyo hivyo.

Dirisha la kwanza ni la kujiandikisha. Binti aliyekuwemo akanipa "Shikamoo babu." Nikaitika marahaba, kwa sababu salamu haikataliwi, lakini nataka ieleweke kwamba sina mjukuu. Akaniuliza jina. Dirisha la pili ni la kulipia, wakaniuliza jina. Mtandao ukawa haupo. Ukarudi. Ukaondoka tena, sijui nao ulikwenda supu. Hatimaye nikapata risiti na kikopo kidogo cha mkojo ambacho hakikuwa changu, nikakirudisha kwa mwenyewe, mama mmoja ambaye alikuwa anakitafuta kwa aibu kubwa.

Tukakaa kwenye benchi. Hapo ndipo unapojua kwamba sindano ni jambo dogo. Kwanza, kuna kiyoyozi. Zahanati nzima ina joto la kuanikia dagaa isipokuwa pale nje ya maabara, ambapo kiyoyozi kinapuliza kama kimelipwa mshahara wa mazingira magumu. Pili, kuna watu. Kila aliye kwenye benchi ana mkasa, na mkasa wa kila mmoja ni mbaya kuliko wa aliyetangulia. Kijana mmoja alisema binamu yake alichomwa mara tisa. Mama wa kikopo akasema kwao alikuwepo mtu aliyechukuliwa chupa nne mfululizo, na mpaka leo hajawahi kunenepa. Kisha bibi mmoja mwenye baibui, ambaye nilidhani amelala, akafumbua jicho moja akasema, "Hizo damu zinauzwa."

Hakuna aliyebisha. Na mimi niliyesoma kidogo nilipaswa kubisha, lakini mwili wangu ulikuwa umeshakumbuka maneno ya marehemu bibi yangu: gari jekundu likipita, ingieni ndani. Kizazi chake kiliamini kabisa kwamba wazimamoto hawazimi moto. Wanakamata watu usiku, wanawanyonya damu, na damu hiyo inatengenezwa mumiani, dawa nyeusi ya kuuzwa kwa pesa nyingi. Si bibi yangu peke yake. Uvumi huo ulitapakaa Kenya, Uganda na Tanganyika enzi za ukoloni, kiasi kwamba mwanahistoria Luise White aliuandikia kitabu kizima kilichotoka mwaka 2000. Ukiwafikiria wale wazee huwezi kuwacheka sana. Mgeni anakuja na koti jeupe, anataka damu yako, hasemi ya nini, na akishaichukua humwoni tena. Hata leo, toa hilo la kunyonywa, sehemu iliyobaki ya maelezo inalingana na zahanati yetu.

Ukweli wa mahesabu ni mdogo mpaka unachekesha. Mtu mzima ana kama lita tano za damu. Vichupa vitatu vya vipimo kama vyangu havifiki vijiko vitatu vya chai. Ila hapo nina lalamiko, na naomba wahusika walisikie. Anayekwenda kuchangia damu anatoa kama nusu lita, anashukuriwa, analazwa kitandani, anapewa soda na biskuti. Mimi natoa vijiko viwili na kitu, nalipia, halafu napewa pamba. Sidai soda nzima. Hata robo ya biskuti ingeonyesha ubinadamu.

Nikaitwa. Ndani alikuwepo dada mdogo, mpole, mwenye hijabu na glavu. "Shikamoo mzee. Naomba unitajie jina lako kamili." Nikamwambia hii ni mara ya tatu natajishwa jina tangu alfajiri, na jina halijabadilika. Akatabasamu huku akilinganisha na karatasi yake.

"Damu haina sura, mzee. Vichupa vikichanganyika hapa mezani, wewe utapewa ujauzito wa mtu."

Sikulalamika tena kuhusu jina.

Mbele yangu vilipangwa vichupa vitatu vya vifuniko tofauti: chekundu, zambarau na kijivu. Nikamuuliza kama ni mapambo. Kumbe kila rangi ina kazi yake. Chekundu, damu inaachwa igande, kisha inazungushwa kwenye mashine mpaka maji yake yajitenge juu. Hayo ndiyo yanapimwa mafuta. Cha zambarau ndani yake kuna dawa ya kuzuia isigande, kwa sababu humo wanahesabu chembe moja moja, na huwezi kuhesabu tonge. Cha kijivu ni cha sukari, na hapo ndipo nilipopata habari iliyoniuma kuliko sindano. Akaniambia kichupa hicho kina dawa ya kuzizuia chembe za damu zisile sukari, maana damu ikishatoka mwilini chembe zake zinaendelea kula iliyomo.

Nikamwomba arudie. Chembe zangu mwenyewe, nilizozibeba tumboni bila staftahi, ukizitia kwenye kichupa zinajiandalia chai?

"Ndiyo, mzee. Kunja ngumi."

Mpira wa kunifunga mkono ulikuwa glavu iliyokatwa. Sina shida nao, unafanya kazi ile ile. Akapapasa kunjo la kiwiko, akapangusa spiriti, ile baridi ambayo mwili wangu tangu utoto unaijua maana yake, kisha akasema yale maneno. Mnayajua. "Usiogope, ni kama mbu."

Akachoma. Akasogeza kidogo. Kichupa kikavu.

"Pole, mzee. Mshipa umekimbia."

Umekimbilia wapi? Mshipa ule umezaliwa mle, umekulia mle, hajapata kutokea mtu akaukuta Tandika. Lakini ndivyo lugha ya maabara ilivyo. Anayekosea siku zote ni mshipa. Akanifungua, akanibandika pamba, akahamia mkono wa kushoto. Akapapasa, akagongagonga kwa vidole kama anabisha hodi. Akachoma. Huo nao, akasema, umejificha.

"Mzee, asubuhi umekunywa maji?"

"Sijagusa. Nimefuata masharti."

"Masharti ya nani?"

Sikuweza kumwambia ni ya fundi pikipiki. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemfundisha babu kutumia simu, kwamba maji yanaruhusiwa, tena yanatakiwa. Mwili ukikaukiwa mishipa inasinyaa, na baridi ya kile kiyoyozi ndiyo inaimalizia. Akaniletea maji vikombe viwili. Akaniambia nikakae juani dakika 15 na mikono niiachie ining'inie. Na kwa kuwa ameshakosa mara mbili, atamwita mkubwa wake, ndio utaratibu wao. Nikampenda kwa hilo. Wapo mafundi hapa mjini wanaokosea mara tisa na hawamwiti mtu.

Nikiwa juani, mikono imening'inia kama nguo za kuanika, ndipo baunsa mmoja akaingia maabara. Ni baunsa kweli, shingo imeungana na masikio. Mishipa ya mikono yake ungeweza kuichoma ukiwa ng'ambo ya barabara. Dakika mbili hazikupita tukasikia kishindo. Watu wote wakajaa mlangoni, kila mmoja na tiba yake. Mmoja akasema mpeni hewa, huku ameziba mlango. Mwingine akataka maji ya kumwagia. Bibi wa baibui akaanza kusoma, maana kwa ukubwa ule huenda pepo ni zaidi ya mmoja. Yule dada akawapita wote, akamlaza chali, akainua miguu yake akaiegemeza kwenye kiti, na baada ya dakika chache baunsa akafumbua macho akauliza nani kashinda.

Dada alitueleza baadaye kwamba halihusiani na ushujaa. Kuna watu wakiona sindano au damu moyo unapunguza mwendo ghafla, presha inashuka, ubongo unakosa damu ya kutosha kwa muda mfupi, mtu anakwenda chini. Ukijijua uko hivyo sema mapema, watakuchukua ukiwa umelala. Ugumu ni kwamba mwenye shingo kama ile hawezi kusema.

Mkubwa wa maabara alipokuja alikuwa mzee wa makamo kama mimi, miwani kwenye paji la uso. Nikamwamkia, akakataa shikamoo yangu, tukasalimiana kwa mikono kama wanaume wa rika moja. Hakuangalia mkono wangu hata kidogo. Alitazama ukutani, kidole chake kikitembea juu ya ngozi yangu polepole kama mtu anayetafuta nembo ya noti gizani. "Mshipa hautafutwi kwa macho," akamwambia yule dada. "Mweusi, mweupe, mnene, wote unawakuta kwa kidole." Kisha akaagiza, "Nipe kipepeo."

Nikashtuka. Kipepeo ni sindano nyembamba yenye mabawa mawili ya plastiki na kimrija kirefu, kwa ajili ya watoto, na kwa watu wazima waliofuata ushauri wa kijiweni. Kwa hiyo tulianza na mbu, sasa tuko kwenye kipepeo. Nikajiuliza kama kuna nyigu kwenye droo.

Akachoma mgongo wa kiganja. Nasema kweli: kidogo tu, kama kubanwa na kibanio cha nguo. Damu ikapanda ndani ya kimrija, nyeusi kama juisi ya rozela, nikataka kulia kwa hofu, akaniambia damu ya mshipa ndivyo ilivyo, imeshaacha hewa yake safi mwilini na inarudi moyoni. Chekundu kikajaa, taratibu. Cha zambarau kikaanza kujaa, taratibu zaidi, na hapo simu ya mzee ikaita. Akaibana kwa bega. Kwa nilivyosikia, kulikuwa na lori la mchanga lililomwagwa kwenye kiwanja kisicho chake. "Mrudishe! Mwambie aupakie tena!" alikuwa anasema, na kichupa cha zambarau akakilaza mezani akachukua cha kijivu.

Nakumbuka niliona yule dada anakitazama kile kichupa. Awali alikuwa ameniambia kikishajaa kinapinduliwa pole pole mara nane mpaka kumi ili dawa ichanganyike, tena kisitikiswe, maana kutikisa kunapasua chembe. Aliunyoosha mkono, akasita, akaurudisha. Nani amwambie mkubwa aliye kwenye simu ya mchanga?

"Tayari. Bonyeza pamba dakika tano, na usikunje ngumi wala usibebe kitu kizito kwa mkono huo."

Nikabonyeza sekunde kama 20, maana miguu ilikuwa imeshavuka barabara. Njiani nikapokea ndoo ya mama wa kikopo, aliyekuwa amenunua nyanya. Kufikia jioni mgongo wa kiganja changu ulikuwa na doa la rangi ile ile ya kifuniko cha zambarau, na mke wangu akauliza nimepigana na nani.

Supu nilikunywa bakuli mbili. Chapati sitazitaja idadi, kwa kuwa safu hii inasomwa na mke wangu. Yule jamaa wa banda alinishangaa. "Mzee, si ulisema umefunga?" Nikamwambia nimefungulia. Akatazama jua, saa nne asubuhi, akatikisa kichwa, na naamini mpaka leo hanihesabu kati ya Waislamu.

Majibu waliniambia nifuate saa nane mchana. Hili nalo nalilalamikia. Yule dada alishaniambia, bila kujua kwamba nitalitumia dhidi yao, kwamba mashine ya kuhesabu chembe za damu inamaliza sampuli moja kwa muda wa dakika moja hivi. Ya mafuta nakubali, lazima damu igande kwanza kama nusu saa kisha izungushwe. Tuseme saa nzima, tuwe wakarimu. Saa nyingine tatu zinakwenda wapi? Nimeuliza, nimeambiwa "ndani". Mbu, nikumbushe tena, hana "ndani".

Saa nane nikawa dirishani. Sukari: 5.3. Mtu mzima kabisa, gari jipya. Nikampigia mke wangu pale pale, kwa sauti ya kusikika benchi zima. Ya mafuta imetoka lakini anataka kuniona daktari mwenyewe, ambaye ameshaondoka, hivyo nije kesho saa nne. Na picha ya damu?

Yule dada akatoka nje kabisa kunifuata, mikono ameifungia nyuma.

"Mzee, naomba utusamehe. Kile cha zambarau kimeganda. Itabidi tukuchukue tena kesho."

Nikafumba macho. Nikamwona kibua kwenye nazi, nikasikia sufuria linakwanguliwa. Nikamuuliza kwa unyonge, nisile tena kuanzia saa mbili?

"Hapana mzee, hicho hakihitaji kufunga. Hata leo usingefunga kwa ajili yake. Kula tu, unywe na maji mengi."

Daktari atanisomea majibu ya mafuta kesho saa nne. Banda la supu linafunguliwa saa kumi na mbili.